Namna ya Kuyapima Maneno Madogo ya Hiari katika Sentensi ya Kiingereza

Katika kazi ya kuhariri barua na ripoti ambazo watu wa kwetu huziandika kwa Kiingereza, makosa ya nyakati na ya umoja na wingi hayanitii wasiwasi mkubwa, kwa sababu msomaji wa upande wa pili huyaona kuwa ni makosa na huyasamehe. Kinachonitia wasiwasi ni maneno madogo kama “still”, “only”, “even”, “just” na “too”, ambayo mara nyingi sentensi ingesimama vizuri bila hayo. Neno la namna hiyo likikaa mahali pasipo pake, sarufi haivunjiki. Sentensi inabaki sahihi, ila inasema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia, na msomaji hana njia ya kugundua kwamba pametokea kosa. Anaamini kwamba ndivyo ulivyotaka kusema.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alimwandikia msimamizi wake aliyekuwa Uingereza: “I think you have still not read my third chapter.” Kichwani mwake alikuwa na sentensi ya adabu kabisa, yaani “Nadhani bado hujaisoma sura yangu ya tatu”, na shabaha yake ilikuwa kuomba nafasi ya kuongeza jedwali moja kabla sura hiyo haijasomwa. Jibu alilopata lilikuwa fupi na kavu, likieleza kwamba msimamizi alikuwa na wanafunzi wengine pia. Aliponiletea barua zote mbili, aliamini kwamba ameonewa. Ilibidi nimwoneshe kwamba neno moja tu, “still”, ndilo lililoigeuza taarifa yake kuwa lawama.

Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia mwenyewe ninapokagua maandishi ya Kiingereza kabla hayajatumwa. Unahitaji penseli, rasimu iliyochapwa, na subira ya kuisoma mara mbili.

Hatua ya kwanza: tambua neno lipi ni la hiari

Pita katika rasimu na upige mstari chini ya kila neno dogo ambalo ukilifunika kwa kidole sentensi bado inasimama. Katika “She has already left”, ukifunika “already” unabaki na “She has left”, ambayo ni sentensi kamili. Basi “already” ni la hiari. Katika “Did she leave?”, ukifunika “did” swali linabomoka, kwa hiyo hapo si la hiari, ni nguzo. Neno hilohilo katika “She did leave” linaweza kuondoka, kwa sababu “She left” inatosha. Kwa hiyo usiyapange maneno katika orodha ya kudumu, kwamba haya ni ya hiari na yale ni ya lazima; kila sentensi ipime peke yake.

Neno la hiari si neno la bure. Kwa kuwa sarufi haikukulazimisha kuliweka, msomaji anayeifahamu lugha hudhani kwamba umeliweka kwa makusudi, na huanza kulitafutia sababu. Ndiyo maana maneno haya, pamoja na udogo wake, huwa na uzito kuliko maneno ya lazima yaliyoyazunguka.

Hatua ya pili: uliza neno linasema nini kuhusu matarajio

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote kwa anayefikiri kwa Kiswahili, na mtego wenyewe ni neno “bado”. Kiswahili kinalitumia “bado” kwa mambo mawili: jambo linaloendelea, kama katika “bado anafanya kazi pale”, na jambo ambalo halijatokea, kama katika “bado hajafika”. Tena sisi tunayo “-ja-” ndani ya kitenzi chenyewe, ambayo tayari inasema kwamba jambo halijatokea lakini linaweza kutokea. Mtu akisema “hakula”, amefunga habari. Akisema “hajala”, ameacha mlango wazi. Tofauti hiyo kwetu si ya hiari, imo katika kitenzi. Kiingereza kimeiweka nje, katika neno dogo unaloweza kulitia au kuliacha, na kimeigawa “bado” yetu katika maneno mawili.

Katika sentensi ya kukanusha, “yet” ni neno tulivu. “The letter has not arrived yet” ni sawa na “Barua haijafika”: inatazamiwa, na hakuna anayelaumiwa. Ukisema “The letter still has not arrived”, umeongeza habari nyingine, kwamba kwa hesabu yako barua ilipaswa kuwa imefika, na kwamba umengoja kupita kiasi. Kwa Kiswahili tungehitaji maneno zaidi ili kufikia hapo, pengine “Mpaka leo barua haijafika!” pamoja na alama ya mshangao. Mwanafunzi yule alitaka “yet”. Angeandika “I think you have not read my third chapter yet”, msimamizi angesoma kile kilichokuwa moyoni mwake.

Katika sentensi ya kukubali hali ni tofauti. “He still works there” haina lawama yoyote. Ni “bado anafanya kazi pale”. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: “bado” ikiandamana na kitenzi kinachokanusha, anza kwa kufikiria “yet” au “not yet”, na “still” iweke akiba kwa siku unayotaka kweli kudai.

“Already” ni jirani yao. Mara nyingi inalingana na “-mesha-”, kama katika “She has already paid”, yaani “Ameshalipa”. Katika swali, lakini, inaleta mshangao. “Have you finished yet?” ni “Umeshamaliza?”, swali la kawaida la mtu anayengoja. “Have you finished already?” ni “Kumbe umeshamaliza?”, swali la mtu aliyedhani kazi itachukua muda mrefu zaidi. Ukimwuliza hivyo fundi aliyekuletea kazi yake, anaweza kudhani unamtuhumu kwamba ameifanya kwa haraka mno. Neno “kumbe” ni kipimo kizuri hapa: kama kwa Kiswahili usingelitia, basi “already” katika swali lako haina kazi.

Hatua ya tatu: lihamishe neno, uone linaangukia wapi

Chukua sentensi “Asha sent the invoice to the accountant” na uizungushie neno “only”. Likitangulia jina, “Only Asha sent the invoice to the accountant”, maana yake ni kwamba wengine hawakutuma. Likikaa mbele ya kitu kilichotumwa, “Asha sent only the invoice to the accountant”, ankara ilikwenda peke yake bila stakabadhi. Likikaa mbele ya mpokeaji, “Asha sent the invoice only to the accountant”, meneja na wengine hawakupata. Tukio ni lilelile, lakini kila sentensi inamwacha mtu tofauti akiwa na swali la kujibu.

Wazo hili si geni kwetu, kwa maana “tu” hufanya kazi hiyohiyo. Ugumu unatokana na upande. “Tu” hufuata neno linalolihusu, ilhali “only” katika maandishi ya uangalifu hulitangulia. Mtu akiwaza “Asha alituma ankara tu kwa mhasibu”, kisha akaifuata neno kwa neno, ataandika “Asha sent the invoice only to the accountant”, na msomaji ataelewa kwamba ni mhasibu tu ndiye aliyetumiwa. Sentensi haina kosa la sarufi, ila kizuizi kimehama kutoka kwenye ankara kikaangukia kwa mhasibu. Nimekutana na jambo hili mara nyingi katika ripoti za fedha, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kukutana nalo. Tiba yake ni kuweka kidole kwenye neno ambalo kwa Kiswahili lingefuatwa na “tu”, kisha kuandika “only” mara moja kabla ya neno hilo. Matangazo ya mlangoni kama “Staff only” ni ya aina yake, wala yasikupotoshe.

Utasikia Waingereza wenyewe wakisema “Asha only sent the invoice to the accountant” kwa maana ya ankara tu na pia kwa maana ya mhasibu tu, wakitegemea sauti kuonesha wanachokusudia. Mazoea hayo ni ya zamani: Robert Lowth, katika sarufi yake iliyotoka kwanza mwaka 1762, aliwalaumu watu kwa kusema “I only spake three words” wakati walichokusudia ni “I spake only three words”. Mimi sioni sababu ya kumsahihisha mtu anayezungumza. Katika maandishi, hasa ya mkataba, risiti au maagizo ya dawa, sauti haipo, na anayetegemea sauti amemwachia msomaji kubahatisha.

Kuna matumizi mengine ya “only” yanayowanasa wengi, nayo ni yale ya wakati. “I only paid on 3 March” haimaanishi kwamba ulilipa mara moja tu. Kwa kawaida msomaji huelewa kwamba ulichelewa, kwamba hukulipa mpaka tarehe 3 Machi. Ukiandika hivyo ukijitetea, umejishitaki.

“Even” hutupa taabu kidogo kuliko “only”, kwa sababu “hata” nayo hutangulia. “Even the chairman paid” ni “Hata mwenyekiti alilipa”. Ukilisogeza likawa “The chairman even paid”, jambo la ajabu si tena mwenyekiti bali kulipa: alifika, akasaidia kupanga viti, na hata akalipa.

“Really” ina tabia yake ambayo inafaa kuifanyia mazoezi kwa kuiandika mara kadhaa. “I don’t really understand” ni “Sielewi vizuri”, maneno ya upole ya mtu anayeomba kufafanuliwa. “I really don’t understand” ni “Kwa kweli sielewi kabisa”, na ndani yake mara nyingi msomaji husikia mtu aliyekereka. Kinachoamua ni kipi kimetangulia kipi. Kikanushi kikitangulia, kinaikanusha “really” yenyewe na kuipunguza nguvu. “Really” ikitangulia, inaubeba ukanushi wote na kuupigilia msumari. Ukimwambia mwenyeji wako “I really don’t like fish” badala ya “I don’t really like fish”, usishangae akianza kuondoa sahani mezani.

Hatua ya nne: isome kwa sauti, usikilize mkazo

Kiswahili kina njia nyingi za kutia mkazo bila kupaza sauti. Tuna “ndiye” na “ndiyo”, tuna “kweli” na “hakika”, na tunaweza kuhamisha kitu tukakitanguliza: “Pesa nililipa.” Kiingereza kinaegemea sana sauti, na pale maandishi yanapotaka mkazo kwenye kitenzi, kinakopa “do”. “I paid” ni taarifa. “I did pay” ni jibu kwa mtu aliyesema hukulipa, na tafsiri yake ya karibu ni “Kulipa nililipa” au “Nililipa kweli”. Kwa sababu hiyo, “did” ya namna hii inahitaji mpinzani. Ukiitia katika barua ya kwanza, kabla hakuna mtu aliyekana jambo lolote, msomaji atasikia ugomvi asioujua chanzo chake.

Mbili ni tahadhari za kwenda nazo. Ya kwanza ni ya umbo: baada ya “did” kitenzi hurudi katika umbo lake la msingi, hivyo ni “I did go”, si “I did went”. Ya pili inawahusu wanaojifunza Kiingereza kwa kusoma Biblia ya King James ya mwaka 1611. Humo utakuta “And they did all eat, and were filled”, ambayo kwetu ni “Wakala wote wakashiba”, na “did” hiyo haina mkazo wowote, kwa kuwa wakati huo watu waliitumia hivyo bila kukusudia kusisitiza. Ni Kiingereza kizuri cha zama zake, ila ukikiiga katika barua ya leo utaonekana unabishana.

“Do” ina upande wa ukarimu pia. “Do sit down” ni “Karibu uketi”, na ni ya upole kuliko “Sit down” peke yake, ambayo mgeni huweza kuisikia kama amri ya darasani.

Hatua ya tano: pima kiasi

Kwa mazoea ya Kiingereza cha kwetu, “too” hutumika kama “sana”. Tunasikia “The food was too good” na “I am too happy”, na baina yetu tunaelewana. Msomaji wa mbali anaelewa kwamba kiasi kimevuka mpaka na kuleta madhara. “The tea is very hot” ni habari ya chai. “The tea is too hot” ni kusema kwamba hainyweki, na mwenyeji atainuka kukutafutia maziwa. Kipimo chake ni neno “mno” likifuatwa na “hata”: kama unaweza kuendelea “mno hata sikuweza...”, andika “too”. La sivyo, andika “very”.

“Few” na “little” zinabadilika kwa herufi moja. “A few people came” ni “Walikuja watu kadhaa”, na msemaji anahesabu waliokuja. “Few people came” ni “Waliokuja walikuwa wachache”, na msemaji anasikitikia wasiokuja. Vivyo hivyo, “We have a little money” inamtia moyo mfadhili kwamba kuna mahali pa kuanzia, na “We have little money” inamwonesha upungufu. Katika maombi ya ruzuku zote mbili zina mahali pake, mradi ujue unaitaka ipi.

“Quite” ningekushauri uiepuke katika barua za mapendekezo. Mbele ya sifa isiyo na ngazi, kama “quite impossible”, maana yake ni “kabisa” kila mahali. Mbele ya sifa yenye ngazi, kama “quite good”, Mwingereza mara nyingi atasoma “nzuri kiasi”, ilhali Mmarekani ataelekea kusoma “nzuri sana”. Mwalimu akiandika “Her work is quite good” kwa nia njema, mwanafunzi wake anaweza kusifiwa Chicago na kupuuzwa London kwa karatasi hiyohiyo. Andika “very good”, ukiwa unamaanisha hivyo.

“Just” inapunguza uzito wa ombi, kama “tu” katika “Nilitaka kuuliza tu”. Moja katika barua inatosha. Zikifika tatu, msomaji anakuamini kwamba jambo lako si la haraka.

Hatua ya sita: rudisha “that” pale inapozuia utata

Kama “kwamba” yetu, “that” inaweza kuachwa baada ya vitenzi vya kusema na kujua, na “I know he came” haina kasoro. Lakini tazama sentensi hii: “The director told the workers on Friday they would be paid.” Je, Ijumaa ni siku ya kuambiwa au ni siku ya kulipwa? Wafanyakazi wataisoma kwa namna moja na mhasibu kwa namna nyingine. “The director told the workers that on Friday they would be paid” inaahidi malipo siku ya Ijumaa; “The director told the workers on Friday that they would be paid” inaahidi malipo bila siku. Kila panapokuwa na siku, saa au mahali kati ya kitenzi cha kusema na jambo lililosemwa, weka “that”, hata kama sikio lako linaona imezidi.

Hatua ya mwisho: fanya kazi yote kwenye barua moja

Chukua rasimu hii, ambayo mtu anamwandikia ofisa wa chuo kuhusu cheti: “I still have not received my certificate. I did pay the fee and I only paid on 3 March. I need few copies. I am too grateful for your help.” Mwandishi ni mtu mstaarabu, na kwa Kiswahili barua yake ingekuwa ya staha. Ofisa ataona mtu mwenye hasira tangu sentensi ya kwanza, anayebishana katika ya pili na papo hapo kukiri kwamba alichelewa kulipa, anayedokeza katika ya tatu kwamba nakala si jambo kubwa, na anayeshukuru kupita kiasi kinachostahili.

Iandike hivi: “I have not yet received my certificate. I paid the full fee on 3 March. I also need a few copies. I am very grateful for your help.” “Still” imekuwa “yet”, kwa kuwa hii ni barua ya kwanza. “Did” na “only” zimeondoka. “A” imerudi mbele ya “few”, na “too” imekuwa “very”.

Ofisa akijibu kwamba ada haionekani kwenye hesabu, hapo mpinzani amepatikana, na barua ya pili iseme: “I did pay the fee, and I attach the receipt.” Zikipita wiki tatu tangu uambatanishe risiti na cheti hakijaja, andika ya tatu, na safari hii “I still have not received my certificate” iache ilivyo.